Lisbon kwa miguu: siku mbili mpaka kwenye dhahabu ya Kilwa

Ukiingia Lisbon bila mpango, mji utakupangia wenyewe. Utasimama foleni ya lifti, foleni ya tramu, foleni ya vikeki, na jioni utarudi ulikofikia una picha mia mbili na nyayo zinazowaka moto. Mimi safari yangu ya kwanza niliimaliza hivyo hivyo. Nilipokwisha kurudi nyumbani ndipo nikasikia kwamba mle mjini kuna chombo kilichofuliwa kwa dhahabu ya kwetu, na kimeandikwa jina la Kilwa kwenye kitako chake. Nilikuwa nimepita na tramu chini ya jengo lenyewe, nikila embe la kukausha.

Njia ninayoieleza hapa ni ya siku mbili na inaishia kwenye chombo hicho. Miongozo mingi huanzia Belém, mtaa wa magharibi kando ya mto, kwa sababu ndiko kwenye picha nzuri. Mimi naanzia mjini kati, kwenye mji ulioanguka, maana usipojua ulivyoanguka hutaelewa kwa nini Belém bado imesimama.

Kabla ya kufunga begi

Chagua siku kwanza, tiketi baadaye. Jumatatu sehemu nyingi za kale hufungwa, pamoja na monasteri ya Jerónimos na makumbusho tunayoyalenga. Mimi napendekeza Jumanne na Jumatano: umati wa wikendi umekwisha, na Jumanne kuna gulio la mitumba ambalo tutalipita njiani. Miezi mizuri ni Aprili, Mei, Septemba na Oktoba. Julai na Agosti jua ni kali na watu ni wengi mno.

Angalia pia kwenye tovuti ya kila mahali kama pako wazi wiki hiyo. Lisbon wana kawaida ya kulifunga jumba zima kwa ukarabati. Mnara wa Belém, kwa mfano, ulifungwa mwaka 2025.

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au jirani zetu anahitaji visa ya Schengen. Omba miezi miwili mitatu kabla, kwa sababu kinachochelewesha sana ni kupata siku ya miadi. Aliyekwisha kuwa na kibali cha kuishi nchi nyingine ya Schengen anapanda ndege tu.

Halafu viatu. Njia za miguu za Lisbon zimetandikwa vijiwe vidogo vya chokaa, vyeupe na vyeusi, wenyewe wanaviita calçada. Nyayo za watu zimevisugua mpaka vinang'aa, na mvua ikinyesha vinateleza kama sabuni iliyolowa. Njoo na raba zenye soli inayoshika. Dada zangu, viatu vya mchuchumio viacheni nyumbani. Mji wote ni vilima na ngazi.

Hatua ya kwanza: kutoka uwanja wa ndege

Uwanja wa ndege uko ndani ya mji kabisa, na metro inaanzia hapo hapo. Kwenye mashine nunua kadi ya Navegante, senti 50, kisha uijaze pesa. Kila mtu awe na kadi yake. Msijaribu kugongea kadi moja watu wawili, geti halitawakubalia. Panda mstari mwekundu, shuka Alameda, hamia mstari wa kijani mpaka Baixa-Chiado. Kadi hiyo hiyo utaitumia kwenye tramu na basi, na hata kwenye treni ya kesho, mradi ina salio.

Jambo moja la saa: huko 10:00 ni saa nne yetu asubuhi. Nimeandika saa zote hapa kwa Kiswahili, kwa hiyo usije ukafika mlangoni saa nne usiku.

Hatua ya pili: anzia majini

Saa tatu asubuhi uwe Terreiro do Paço. Kibao kitakuambia Praça do Comércio, lakini wenyeji bado wanatumia jina la zamani, maana yake uwanja wa ikulu. Vuka uwanja mpaka kwenye ngazi za mawe zinazoshuka mtoni, penye nguzo mbili zilizosimama majini. Mto ni Tejo, ila hapa ni mpana kiasi kwamba mgeni hudhani ni bahari. Geuka uupe mto mgongo.

Pale ulipotazama palikuwa na ikulu. Mfalme Manuel wa Kwanza aliihamisha kutoka ngomeni kilimani akaileta hapa chini mwanzoni mwa karne ya 16, jirani na maghala ya Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara yote ya Bahari ya Hindi. Pilipili manga, mdalasini, pembe za ndovu na dhahabu vilishushwa hapa, mfalme akiona kila kitu kutoka dirishani. Mshike jina huyu Manuel, tutakutana naye mara nyingi.

Hakuna hata jiwe moja la ikulu hiyo utakaloliona. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, kiasi cha saa tatu na dakika arobaini asubuhi, makanisa yamejaa watu na mishumaa inawaka, ardhi ilitikisika. Walionusurika walikimbilia huku huku mtoni, mahali pa wazi pasipo na ukuta wa kuwaangukia. Maji yakarudi nyuma mpaka wakaona mchanga wa chini ya mto, kisha yakaja kwa kishindo. Kilichobaki kikamalizwa na moto uliowaka kwa siku kadhaa. Walikufa watu makumi ya maelfu. Mfalme wa wakati huo, José wa Kwanza, alinusurika kwa kuwa asubuhi hiyo alikuwa Belém. Tangu hapo hakutaka tena kulala chini ya paa la mawe. Alijengewa kasri la mbao kwenye kilima cha Ajuda. Ndiye aliyepanda farasi wa shaba katikati ya uwanja, sanamu ya mwaka 1775.

Sasa ingia chini ya tao kubwa uifuate Rua Augusta. Barabara zote za mtaa huu, Baixa, zimenyooka kama mistari ya daftari, kwa sababu waziri wa mfalme, ambaye baadaye alipewa cheo cha Marquês de Pombal, alifyeka kifusi na kuupanga mji upya. Ndani ya kuta za nyumba hizi mafundi waliweka fremu ya mbao iliyosukwa kwa mbao za mshazari, wakaiita gaiola, yaani tundu la ndege, ili nyumba icheze na tetemeko bila kuporomoka. Inasimuliwa kwamba waliijaribu kwa kuwaamuru askari wapige kwata kuizunguka fremu ya mfano. Aliyewahi kuona nyumba ya miti na udongo ikibaki wima pale ya matofali ilipopasuka hatashangaa.

Ukitaka kupanda juu ya kitu kimoja tu Lisbon, panda hili tao. Lilikamilika mwaka 1873, bei yake si ya kutisha, na ukiwa juu unauona mpango mzima wa Pombal upande mmoja na mto upande wa pili.

Hatua ya tatu: kanisa lililoungua

Rua Augusta inakufikisha Rossio, uwanja wenye sakafu ya mawimbi meusi na meupe. Usikae sana. Pita upande wa kulia wa jumba la maonyesho, hatua chache tu, utaliona kanisa la São Domingos. Kwa nje halina mvuto. Ingia.

Kanisa hili liliungua mwaka 1959, na walipolifungua tena miaka ya 1990 hawakuzifuta alama. Nguzo zimepasuka na kumeguka kama mkate uliokauka, mawe yamebadilika rangi kwa joto, halafu juu yake wameweka dari jipya la rangi nyekundu ya udongo. Gusa nguzo moja, utasikia vidole vinazama kwenye mashimo yaliyochimbwa na moto. Katika mji mzima hili ndilo kanisa ninalolipenda kuliko yote, na watalii wengi hulipita wakikimbilia lifti.

Nje, kwenye kiuwanja, kuna jiwe lenye nyota ya Daudi. Ni kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa katika ghasia za Pasaka ya mwaka 1506, ghasia zilizoanzia ndani ya kanisa hili. Na wale kina baba waliokaa kwenye kingo za mawe wakiongea, wengi wao ni watu wa Guinea-Bissau na Afrika Magharibi. Waafrika hawakuanza kukutana hapa jana. Katika karne ya 16 ndugu Weusi wa Rozari, waliokuwa watumwa na waliokuwa huru, walikuwa na chama chao ndani ya São Domingos.

Neno la Kireno la kanisa ni igreja. Litamke polepole mara mbili tatu, utalisikia gereza. Wareno walijenga makanisa ndani ya ngome zao huku pwani, jina likahama, na ngome zilipogeuzwa kuwa mahali pa kufungia watu, neno likabaki na wafungwa. Ndiyo maana gofu la ngome pale Kilwa Kisiwani mpaka leo linaitwa Gereza, ingawa hakuna aliyefungwa humo siku hizi zaidi ya popo. Ukianza kusikiliza hivyo, Lisbon inakuwa na mambo: mhudumu anakuonyesha mesa, duka la mashuka linauza fronha, bendera ni bandeira, sokoni kuna limão na ananás, na dereva wa tramu akilaani roda huhitaji mkalimani.

Hatua ya nne: Carmo, na vita vilivyotuhusu

Lifti ya chuma ya Santa Justa, ya mwaka 1902, ni nzuri kuitazama kutoka barabarani. Kuipanda ni kupoteza saa nzima. Kutoka Rossio fuata Calçada do Carmo, ngazi na mwinuko wa dakika kumi, utatokea mahali pale pale inapokwenda lifti.

Hapo juu kuna kanisa la watawa wa Karmeli, lililojengwa kuanzia mwishoni mwa karne ya 14, na tangu 1755 halina paa. Matao yamebaki yenyewe, yamechora mbavu angani. Lipa uingie. Kama ni asubuhi yenye mawingu, bora zaidi.

Kabla ya kuingia, kaa kwanza uwanjani, Largo do Carmo, chini ya miti. Tarehe 25 Aprili 1974 magari ya deraya ya jeshi lililoasi yaliizunguka kambi iliyo pembeni ya kanisa, na Waziri Mkuu Marcelo Caetano amejificha ndani. Kapteni mmoja kijana, Salgueiro Maia, ndiye aliyeingia kuzungumza naye. Jioni Caetano akasalimu amri, na utawala wa kidikteta wa karibu miaka hamsini ukaanguka. Watu waliwachomeka askari mikarafuu mtutuni, ndipo mapinduzi yakapata jina la ua hilo.

Askari wale walichoshwa na vita vya Afrika, na kimoja cha vita hivyo kilipiganwa kutokea kwetu. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, wapiganaji wake walifunzwa Kongwa na Nachingwea, na kiongozi wake, Eduardo Mondlane, aliuawa Dar kwa bomu la kitabu tarehe 3 Februari 1969. Mondlane huyo huyo alikuwa amesoma kidogo hapa Lisbon mwaka 1950. Miezi michache baada ya siku ile ya Carmo, Septemba 1974, mkataba ukatiwa saini Lusaka, na tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru. Mzee yeyote wa Nachingwea ana haki ya kuja kunywa kahawa chini ya miti hii.

Chakula cha mchana

Mkate, zeituni na jibini vitakavyoletwa mezani kabla hujaagiza si zawadi. Vinaitwa couvert, na ukivigusa utavikuta kwenye bili. Kama huvitaki, sema "não, obrigado" (mwanamke aseme "obrigada") na virudishwe, hakuna atakayenuna. Samaki wa kuchoma, hasa dagaa wakubwa wa sardinha wakati wa kiangazi, ni chakula cha mtu wa pwani. Bacalhau ni ng'onda wao: samaki aliyekaushwa kwa chumvi, analowekwa siku nzima kabla ya kupikwa.

Wanaotafuta halali waende Rua do Benformoso, mtaa wa Mouraria, karibu na kituo cha Martim Moniz. Wabangladeshi wamejaa migahawa hapo. Jina Mouraria lenyewe ni mtaa wa Wamoro, pale Waislamu waliporuhusiwa kuishi baada ya mji kutekwa mwaka 1147.

Hatua ya tano: Alfama, kupanda polepole

Tramu namba 28, ile ya njano ya mbao, ndiyo kila mtu anaitaka. Mimi nilibanwa ndani yake kama dagaa kwenye kopo, nikashuka nikiwa na begi lililo wazi na simu haipo. Wachomoaji wa humo ni mafundi, wanavaa kama watalii na ramani mkononi. Ipige picha ikipita, kisha uende kwa miguu.

Kutoka Baixa panda mpaka Sé, Kanisa Kuu, lenye minara miwili minene kama ngome. Lilianza kujengwa baada ya Mfalme Afonso Henriques kuuteka mji mwaka 1147, juu ya mahali palipokuwa msikiti mkuu. Waliochimba kwenye ua wa nyuma walikuta mabaki ya zama za Waislamu, chini yake ya Warumi, na chini zaidi ya Wafoinike.

Endelea kupanda mpaka baraza la Santa Luzia. Watu wote watakuwa wanatazama mto. Wewe zunguka kwenye ukuta wa nje wa kanisa dogo lililo hapo: kuna picha mbili za vigae vya bluu. Moja inaonyesha Terreiro do Paço ilivyokuwa kabla ya 1755, ikulu na mnara wake. Asubuhi ulisimama pale pasipo na kitu, sasa ndiyo unaona kilichokuwepo. Vigae vinaitwa azulejo, neno la Kiarabu, na mtaa ulio chini yako, Alfama, jina lake limetoka kwa chemchemi za moto za Waarabu. Msemaji wa Kiswahili, mwenye neno hamamu, hahitaji kamusi.

Ngome ya São Jorge iko juu zaidi. Kiingilio ni ghali, na ndani kuna kuta, tausi na mandhari. Nikiwa na nusu siku tu naiacha, naelekea kanisa la São Vicente de Fora na kutokea Campo de Santa Clara, ambako Jumanne na Jumamosi hupangwa gulio la Feira da Ladra: sahani za kale, santuri, vigae vilivyobanduliwa. Usinunue vigae. Vingine vimeibwa kwenye kuta za nyumba za watu.

Jengo lenye kuba jeupe hapo chini ni Panteão Nacional. Walianza kulijenga mwaka 1682, wakalimaliza 1966, hata Wareno wakimwona fundi mzembe husema anajenga Santa Engrácia, jina la kanisa hilo. Ndani kuna kaburi la Vasco da Gama lisilo na maiti, ni jeneza la heshima tu. Aliyemo kweli ni Eusébio, mtoto wa Mafalala, Maputo, aliyezaliwa mji huo ukiitwa Lourenço Marques. Katika Kombe la Dunia la 1966, mwaka ule ule kuba lilipokamilika, alifunga mabao 9 akiwa na jezi ya Ureno. Alifariki mwaka 2014, mwaka uliofuata wakamhamishia hapa. Mara ya mwisho nilipoingia, chumba cha wafalme wa bahari kilikuwa kitupu, na kwa Eusébio kulikuwa na baba mmoja amempakata mwanawe akimwelekeza jina herufi kwa herufi.

Hatua ya sita: Belém, na uwahi

Siku ya pili uwe kituo cha Cais do Sodré saa mbili asubuhi. Panda treni ya njia ya Cascais inayosimama vituo vyote, dakika chache tu unashuka Belém. Tramu ya 15 pia inakwenda, lakini asubuhi hujaa.

Anza na Jerónimos kabla mabasi ya watalii hayajamwaga watu. Kuna foleni mbili, ya kanisa na ya ua wa watawa. Uliza unasimama ipi, maana nimeona watu wakichomwa na jua dakika arobaini kwenye foleni isiyo yao. Manuel alianza kuijenga monasteri hii mwanzoni mwa karne ya 16, mahali palipokuwa na kanisa dogo la mabaharia. Tarehe 8 Julai 1497 Vasco da Gama aliondokea ufukwe huu. Aprili mwaka uliofuata alikuwa Mombasa, ambako hawakuelewana, kisha Malindi, ambako alipokewa vizuri na kupewa rubani wa kumvusha mpaka Calicut, India.

Fedha za ujenzi zilitoka kwenye kodi ya asilimia 5 ya biashara ya Afrika na Asia. Ukilijua hilo, mawe yanaanza kusema: kamba za meli zimechongwa zikazungushwa kwenye nguzo, matumbawe, na kila mahali tufe la pete za chuma, alama ya Manuel. Likumbuke hilo tufe, utaliona tena mchana. Tetemeko lililoiangusha Baixa liliiacha Jerónimos imesimama.

Ndani ya kanisa, ukiingia tu, upande wa kushoto ni kaburi la Vasco da Gama, upande wa kulia la mshairi Camões, ambaye kabla ya kurudi Ureno alikwama Kisiwa cha Msumbiji miaka ya 1560 bila nauli. Gama alifia Cochin, India, mwaka 1524. Hapa aliletwa mwaka 1880.

Vuka barabara kwa njia ya chini uende kwenye mnara wa mabaharia, Padrão dos Descobrimentos. Urefu ni mita 56, na ni mchanga kuliko unavyoonekana: ulijengwa kwa muda mwaka 1940, ukajengwa upya kwa zege mwaka 1960, enzi ya dikteta Salazar, wakati nchi za Afrika zinachukua uhuru wao mmoja baada ya mwingine. Kupanda si lazima. Tazama chini: kuna ramani ya dunia ya marumaru, zawadi ya Afrika Kusini ya wakati huo. Simama juu ya pwani yetu upige picha ya miguu yako, kisha uondoke.

Mnara wa Belém uko dakika kumi na tano mbele. Kama uko wazi na foleni ni ndefu, uzunguke kwa nje tu. Chini ya kibanda kimoja cha pembeni kuna kichwa cha kifaru cha jiwe kilichosagika na hewa ya chumvi, kumbukumbu ya kifaru hai aliyeletwa kutoka India mwaka 1515.

Vikeki vya Belém sikukatazi. Duka lenyewe limekuwa likiuza tangu 1837. Foleni ya nje ni ya wanaobeba. Pita ndani, kuna vyumba vingi vya kukaa. Kula kikiwa moto, nyunyiza mdalasini ulioko mezani.

Hatua ya saba: Janelas Verdes

Mchana panda tramu ya 15 kurudi mjini, shuka Cais Rocha. Mbele yako kuna ngazi ndefu za mawe zinazopanda genge. Ukifika juu geuka utazame gati ulilotoka: kutoka hapo ndipo meli ziliwachukua askari kwenda Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. Jengo lililo kando ya bustani ni Museu Nacional de Arte Antiga, Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, Rua das Janelas Verdes.

Yana picha kubwa za kujivunia, na ukipenda michoro ya majini na mashetani muulizie mchoraji Bosch. Lakini mwambie mhudumu wa kwanza: "Custódia de Belém, por favor." Atakunyooshea mkono.

Ni monstransi, kile chombo ambacho Wakatoliki huwekea Ekaristi kwa ajili ya kuabudu, na urefu wake haufiki mita moja. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kukizunguka kioo, kila mmoja na uso wake na joho lake la rangi iliyochomwa juu ya dhahabu. Juu yao njiwa, juu kabisa Mungu Baba. Kwenye shingo ya chombo kuna yale matufe ya Manuel. Watu husimama hapa, husema "oh", hupiga picha ya mitume na kuondoka.

Wewe inama. Maandishi yamezunguka kitako, kwa hiyo utatembea nayo polepole, kwa Kireno cha kale kilichofupishwa. Yanasema kwamba mfalme mkuu Dom Manuel wa Kwanza aliamuru kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kikamalizika CCCCCVI, yaani mia tano na sita, elfu moja wameiacha kwa kuwa kila mtu alikuwa anaijua. Tafuta neno linaloanza kwa Q na lenye V mahali pa U. Hiyo ndiyo Kilwa.

Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi pwani yetu na meli zenye mizinga, akatia nanga Kilwa, akamtishia mtawala wake, Amiri Ibrahimu, kuuchoma mji. Ibrahimu akalipa. Hesabu iliyofika Lisbon mwaka 1503 ilikuwa mithkali 1,500, na mithkali moja ni gramu nne na ushee, kwa hiyo ni zaidi ya kilo 6. Dhahabu hiyo ilikuwa imetoka bara, nyanda za juu za Zimbabwe, ikashuka bandari ya Sofala, ikapandishwa kwa majahazi mpaka Kilwa. Manuel akampa mfua dhahabu Gil Vicente, na katika wosia wake akaiachia Jerónimos, ndipo ikapata jina la Belém. Kulipa hakukuwasaidia watu wa Kilwa: mwaka 1505 Mreno mwingine, Francisco de Almeida, alikuja na meli nyingine akauteka mji na kuupora.

Mimi nilizunguka kioo kile mara nne. Mlinzi, mama wa makamo, aliniuliza kwa Kiingereza kama nimepoteza kitu. Nikamwonyesha lile neno lenye Q, nikamwambia nimezaliwa Lindi, na hapo Kilwa ni jirani. Akainama akasoma, akanitazama, akainama tena. Akasema amefanya kazi kwenye chumba kile miaka mingi, na alikuwa akidhani ni jina la mtu.

Hatua ya mwisho: kurudi kwa miguu

Makumbusho hufungwa saa kumi na mbili jioni. Usipande tramu. Toka kulia uifuate Rua das Janelas Verdes mpaka Santos, kisha panda Avenida Dom Carlos I, na kabla hujafika kwenye jengo la Bunge kunja kulia. Barabara hiyo inaitwa Rua do Poço dos Negros, barabara ya shimo la watu Weusi. Katikati ya karne ya 16 karibu mtu mmoja kati ya kumi Lisbon alikuwa mtumwa, na wengi wakifa walitupwa majalalani. Novemba 1515 mfalme aliamuru lichimbwe shimo refu watupwe humo, na limwagiwe chokaa mara kwa mara. Mfalme ni Manuel, miaka tisa baada ya ile dhahabu kukamilika. Siku hizi ni mtaa wa mikahawa midogo na maduka ya nguo za mitumba. Kibao cha jina kiko ukutani, juu kidogo ya usawa wa macho.

Ifuate mpaka mwisho, inakuwa Calçada do Combro, mlima mkali wa dakika kumi. Utatokea Largo de Camões, na kituo cha Baixa-Chiado kiko hatua chache mbele. Treni zinatembea mpaka saa saba usiku.